Namna ya Kuomba Msaada wa Fedha Unapouguza Kidonda cha Upasuaji wa Ghafla

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na pia ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu. Kwa sababu ya kazi hizo mbili, haupiti mwezi bila mtu kuja kukaa kwenye benchi la wateja, akasubiri wengine waondoke, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini maswali yale yale: dada yetu amepasuliwa ghafla, hela imekwisha, sasa tumwombe nani, tutaje shilingi ngapi, na tuandike vipi tusionekane ombaomba? Kuulizwa hakunichoshi. Kinachonichosha ni kuulizwa wakati deni limekwisha kuwa mlima na godoro limekwisha kuuzwa, kwa hiyo nimeandika hapa utaratibu mzima ili mwenye shida aufuate mapema.

Kabla ya yote, elewa jambo hili. Watu wetu huchangia upasuaji, lakini hawachangii kupona. Mgonjwa akiwa bado wodini, simu hazikatiki. Akisharuhusiwa, kila mmoja humshukuru Mungu na kurudi kwenye shughuli zake, ilhali wiki za kukaa ndani bila kipato ndiyo kwanza zinaanza. Nilipopasuliwa mimi, kidole tumbo kikiwa kimekwisha kupasuka, ndugu na majirani walinichangia mpaka bili yote ikalipwa na nauli ya bajaji ikabaki. Siku ya kumi na mbili nikiwa nyumbani niliuza ovaloki yangu, ile mashine ya kufunga pindo za nguo, kwa bei ya kutupa ili nyumba ipate unga. Hakuna aliyeninyima, kwa kuwa hakuna niliyekuwa nimemwambia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya ruhusa kutoka hospitali, pamoja na karatasi ya mapumziko, ile ambayo maofisini huitwa ED, yenye idadi ya siku ulizoandikiwa.
- Risiti zote ulizokwisha kulipa na bili ya kiasi kilichobaki. Katika hospitali za serikali bili hiyo huwa na namba ya malipo ambayo wengi huiita kontroo namba.
- Kitambulisho cha mgonjwa, na kadi ya bima kama ipo.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji. Aifuate mtu mwingine. Si kazi ya aliyepasuliwa kupanga foleni.
- Daftari la kurasa chache na kalamu. Simu hufa chaji na ujumbe hufutika.
- Laini moja ya simu ya kupokelea fedha, iliyosajiliwa kwa jina la mgonjwa au la ndugu ambaye watu wanamfahamu.

Hatua ya 1: Mchague msemaji mmoja

Mgonjwa asiombe mwenyewe ikiwa yupo mtu wa kumsemea. Maumivu na dawa za usingizi humfanya mtu ataje kiasi hiki asubuhi na kingine jioni, na wenye kusikia huanza kutia shaka. Msemaji awe mtu mzima, mwenye uhusiano unaojulikana na mgonjwa, na awe hana madeni ya kutangazika mtaani, maana mwenye sifa ya kukopa bila kulipa huuzima mchango hata mgonjwa awe mtu wa kupendwa namna gani. Ndugu wengine wakipigiwa simu, wajibu kwa kumtaja msemaji huyo na wasianzishe mchango wao pembeni. Michango miwili ya mgonjwa mmoja huzaa maneno.

Hatua ya 2: Lipunguze deni kabla ya kuliombea msaada

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kabla hujamwomba mtu shilingi moja, hakikisha unachoomba ndicho hasa unachodaiwa.

Anza na bima. Mwenye kadi ya bima aulize dirishani ni huduma zipi zimelipiwa na zipi hazikulipiwa, na kwa nini. Mwenye CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya mfuko wa afya ya jamii, aitunze sana karatasi ya rufaa aliyopewa zahanati au kituo cha afya, kwa sababu mpango huo hufuata ngazi za rufaa, na mtu anayefika hospitali ya mkoa kama Bombo bila karatasi hiyo anaweza kutakiwa alipe fedha taslimu.

Kisha nenda kwenye ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo hospitalini. Sera ya afya ya nchi yetu imeweka makundi yanayopaswa kupata msamaha wa malipo katika vituo vya serikali, wakiwemo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Wasiomo katika makundi hayo lakini ni maskini wanaweza pia kuomba, na afisa ustawi atawahoji kabla ya kuamua. Hapo ndipo barua ya mtendaji inapofanya kazi yake. Usiende na maelezo marefu; eleza mgonjwa anafanya kazi gani, anategemewa na watu wangapi, na amekwisha kulipa kiasi gani. Usimfiche afisa kwamba una ndugu mwenye kazi Dar es Salaam, kwa sababu ataulizia, na ukikutwa umeficha jambo dogo hutaaminiwa katika kubwa.

Msamaha ukikosekana, omba kulipa kwa awamu. Omba kwa maandishi, taja kiasi unachoweza kutanguliza na tarehe za kumalizia, na uhakikishe nakala moja inabaki mikononi mwako.

*Angalizo:* Fanya haya mgonjwa akiwa bado wodini. Ni vigumu mno kuomba msamaha wa bili ambayo imekwisha kulipwa kwa fedha za mkopo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya wiki zote za mapumziko

Mwulize daktari au muuguzi mambo mawili tu: mgonjwa atarudi kusafisha kidonda mara ngapi, na atakaa muda gani bila kufanya kazi yake. Mtaje kazi yenyewe. Ukisema "biashara ndogo ndogo," utaambiwa apumzike kidogo. Ukisema kwamba mgonjwa hubeba ndoo ya samaki kichwani kutoka sokoni kila alfajiri, utapewa jibu lingine. Aliyepasuliwa tumbo kwa mshono mkubwa mara nyingi huzuiwa kunyanyua vizito kwa wiki sita hivi, na anayevunja agizo hilo anaweza kujikuta na ngiri palepale penye kovu, akarudi kupasuliwa upya na kuchangiwa upya.

Chukua mfano wa mama muuza maandazi mwenye watoto watatu. Daftari lake lingeweza kuwa hivi:

- Deni lililobaki hospitali: 180,000
- Kusafisha kidonda mara 8, vifaa pamoja na bajaji kwenda na kurudi, kwa 10,000: 80,000
- Dawa: 40,000
- Chakula cha nyumbani siku 42, kwa 10,000: 420,000
- Kodi ya chumba miezi 2: 80,000
- Jumla: 800,000

Sasa toa kile kilichopo. Ana akiba ya 120,000, na kikundi chake cha vikoba kimempa 200,000 kutoka mfuko wa jamii. Kinachobaki ni 480,000, na hicho ndicho cha kuombwa. Tazama kwamba chakula peke yake kimezidi mara mbili ya deni la hospitali; mtu asiyekaa chini na kalamu angeomba 180,000, angezipata, na wiki ya tatu angekuwa anakopa unga dukani.

*Angalizo:* Usiongeze cha juu kwa kudhani kwamba watu watapunguza. Wapo watakaouliza mchanganuo, na mchanganuo wenye chumvi huonekana upesi, hasa kwa kina mama wanaojua bei ya kilo ya unga kuliko wewe.

Hatua ya 4: Gawa kiasi hicho kwa milango

Usimwombe kila mtu kila kitu. Andika majina ya watu, na pembeni ya kila jina kiasi unachoamini mtu huyo anaweza kukitoa bila kuumia. Zile 480,000 zinaweza kupatikana kwa watu wanne wa 50,000, kumi wa 20,000 na wanane wa 10,000. Watu ishirini na wawili tu, na hakuna aliyebebeshwa mzigo wa kumkimbiza.

*Mwajiri.* Kwa aliyeajiriwa, huu si mlango wa kuomba; ni wa kudai haki kwa adabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi apeleke cheti cha daktari. Aliyeumia akiwa kazini aulizie pia fidia ya WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

*Vikundi.* Vikoba vingi, saccos na vyama vya mtaa vina mfuko wa kusaidiana, lakini kila kimoja kina katiba yake. Soma katiba kabla ya kwenda kwenye kikao. Kwa mfano, chama chetu hutoa kwa mwanachama aliyelazwa, na maombi lazima yafike ndani ya muda uliowekwa. Nimeshuhudia watu wakikosa haki yao kwa kuona haya mpaka muda ukapita.

*Msikiti au kanisa.* Kwa Waislamu, fakiri, maskini na mwenye deni ni miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka kwa mujibu wa Qur'ani, kwa hiyo usione unajipendekeza. Kwa Wakristo, pita kwanza kwenye jumuiya ndogo ndogo, maana hao ndio watakaoulizwa kama mgonjwa anajulikana. Kwa maoni yangu ni bora kumwendea imamu au mzee wa kanisa nyumbani kwake kwa utulivu, kuliko kung'ang'ania kutangazwa mbele ya watu. Tangazo huleta sarafu, mazungumzo huleta kamati.

*Ndugu na marafiki.* Hapa angalia majira ya kila mmoja. Mjomba mwenye shamba la michungwa Muheza hana fedha kabla ya mavuno hata umlilie. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo ukimwendea mbalamwezi inapowaka utamkuta naye anakula akiba. Mwenye mshahara mpigie mwisho wa mwezi, kabla hajatoka nyumbani kwenda mjini.

Hatua ya 5: Andika ujumbe

Ujumbe mzuri unajibu maswali matano: nani anaumwa, amefanyiwa nini, kinahitajika kiasi gani kwa matumizi gani, kitumwe wapi, na lini mwisho. Huu hapa mfano wa kupeleka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la mtaa:

> "Assalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu. Dada yetu (jina) wa Makorora alifanyiwa upasuaji wa dharura wa tumbo tarehe (tarehe), na alhamdulillah ametoka hospitali jana. Daktari amemzuia kufanya kazi kwa wiki sita. Baada ya akiba yake na msaada wa kikundi chake, pungufu ni 480,000, nayo ni deni la hospitali, kusafisha kidonda, chakula na kodi. Mchanganuo upo kwangu kwa atakayetaka kuuona. Mchango utumwe namba (namba), jina litakalotokea ni (jina). Tunafunga tarehe (tarehe), na nitaleta taarifa hapahapa. Asiye na fedha, dua yake na kuja kumjulia hali tunavipokea kwa mikono miwili. Ni mimi mdogo wake, (jina)."

Wazee usiwatumie ujumbe huo. Mzee apigiwe simu au afuatwe, aamkiwe, aulizwe hali yake na ya nyumba yake, kisha aambiwe shida kabla ya kutajiwa kiasi: "Shikamoo mjomba. Nimekuja kukupa habari ya mwanao." Mara nyingi atauliza mwenyewe kilichobaki ni kiasi gani. Asipouliza, mwambie, halafu unyamaze. Kosa la vijana wengi ni kujaza ule ukimya kwa maneno na kuanza kujipunguzia wenyewe, "lakini hata elfu tano si mbaya," kabla mzee hajafungua kinywa.

*Angalizo:* Usitume picha ya kidonda wala ya mgonjwa akiwa na mipira puani. Picha hizo huzunguka miaka, na mgonjwa akishapona hukutana nazo. Vilevile usitaje ugonjwa kwa undani kuliko alivyoridhia mwenyewe, hasa upasuaji wa uzazi. Kwa maneno "upasuaji wa dharura" watu wameshaelewa.

Hatua ya 6: Pokea na uandike

Sote tumewahi kupata ule ujumbe wa matapeli usemao "ile hela tuma kwenye namba hii." Kwa sababu hiyo mtu yeyote mwenye akili husita kutuma fedha kwenye namba asiyoijua, na hana kosa. Msaidie kuamini: taja katika ujumbe jina litakalotokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha, na uhakikishe ndilo linalotokea kweli. Anayetaka kulipia hospitali moja kwa moja, mpe ile namba ya malipo iliyo kwenye bili, alipe mwenyewe na kukutumia risiti. Watoaji wakubwa hupenda sana njia hii.

Kila fedha inapoingia, andika jina, tarehe na kiasi, kisha tuma neno la shukrani siku hiyohiyo. Kumbuka makato ya kutolea: aliyetuma 20,000 bila ya kutolea hajakupa 20,000 mkononi, kwa hiyo usiitoe kidogo kidogo kila siku, itoe kwa mafungu. Namba ya siri isimfikie mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni mhudumu wa mtandao.

Hatua ya 7: Leta taarifa, kisha funga

Kila wiki andika mistari mitatu: zilizopatikana, zilizotumika, zilizobaki. Kiasi kikitimia kabla ya tarehe, tangaza kwamba kimetimia na uwaombe watu wasitume tena. Najua linaonekana jambo la kipuuzi kufunga mlango wakati fedha bado zinaingia, lakini anayefunga leo hupokewa vizuri akirudi kwa shida nyingine.

Mambo yakikwama

*Kundi limekaa kimya.* Kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Zungumza na wawili au watatu pembeni, wachangie kwanza, kisha orodhesha majina kwenye kundi bila kuandika kiasi. Kuandika kiasi huwaaibisha wenye kidogo, nao hukaa na kidogo chao.

*Umeahidiwa lakini haiji.* Kumbusha mara moja, na umpe mtu njia ya heshima ya kujitoa: "Kama mambo yamebadilika, niambie tu nipange upya." Ukikumbusha mara tatu umeshakuwa mdai.

*Watu wanasema mgonjwa anajifanya.* Hili hutokea sana pale anapoonekana anatembea. Usibishane mtandaoni. Wakaribishe waje kumjulia hali, na mwombe mmoja wa waliomwona awasimulie wengine.

*Haikutosha na njaa imefika.* Hapa ndipo watu hukimbilia mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba ya kukamua, au programu za mikopo za kwenye simu. Nakusihi uache. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini yake, na baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo huwatumia ujumbe wa kukuumbua watu wote waliomo kwenye simu yako, yaani walewale unaotaka wakusaidie. Ni afadhali umwendee mwenye duka na mwenye nyumba, uwaoneshe karatasi ya mapumziko, na uombe wakuvumilie mpaka tarehe unayoitaja. Mwenye nyumba wangu alinipa miezi miwili nilipomwonesha mshono. Nilijuta kwamba sikumwendea kabla sijaiuza ovaloki.

*Kidonda kimeharibika.* Homa, usaha, harufu au mshono kuachia havisubiri mchango. Mgonjwa arudishwe hospitali kwanza kwa fedha zozote zilizopo, na msemaji awaandikie waliochangia kwamba hesabu imebadilika na kwa nini.

*Wanaleta vitu badala ya fedha.* Pokea, na uviandike daftarini kwa bei ya sokoni, kwa kuwa vimepunguza ile 10,000 ya chakula ya kila siku. Jirani yangu muuza uduvi aliniletea uji wa pilipili manga kila asubuhi kwa siku kumi na tisa, katika chupa ya chai nyekundu yenye mfuniko uliopasuka. Sikuuandika popote, na mpaka leo hesabu yake hainikubali.